Kidole, macho na kumbukumbu: tiba ya kiwewe ya EMDR, na njia nyingine kwa asiyeipata

Ukichungulia chumba inamofanyika tiba ya EMDR (kifupi cha Kiingereza cha tiba ya kupunguza makali ya kumbukumbu za kutisha kwa mwendo wa macho) bila kuelezwa chochote, utadhani ni mazingaombwe. Watu wazima wawili wamekaa karibu, viti vimepishana kidogo. Mmoja anapeleka vidole viwili kulia na kushoto mbele ya uso wa mwenzake, haraka haraka, kwa kama nusu dakika, kisha anashusha mkono. "Vuta pumzi. Umepata nini?" Mwenzake anajibu kwa maneno machache. "Haya, endelea na hicho." Mkono unapanda tena, macho yanaufuata tena. Hakuna ushauri, hakuna mahubiri, na kwa dakika nyingi hakuna hata mazungumzo ya maana.

Hata hivyo, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo kuhusu watu walioumizwa na matukio ya kutisha, EMDR ilikuwa miongoni mwa tiba chache lilizozipendekeza, kwa wakubwa na kwa watoto. Mwaka 2021 Prince Harry wa Uingereza alionekana katika filamu ya hali halisi akitibiwa kwa njia hiyo, mikono imepishana kifuani, akijigongagonga taratibu. Jina likasambaa, na maswali yakaja nyuma yake: inapatikana wapi, ni bei gani, na asiyeweza kuifikia afanye nini? Hilo la mwisho lina majibu mengi kuliko watu wanavyodhani, na mengine yamepatikana hapa hapa kwetu: Uganda, Kivu, Moshi, Bungoma.

Kinachotibiwa ni nini

Tumchukue kondakta wa basi, wa kubuni, ingawa wengi tunamjua mmoja wa aina yake. Alinusurika ajali ya usiku kwenye barabara kuu. Mguu umepona, miezi sita imepita. Lakini breki zikilia mtaani, mwili wake unarudi kwenye usiku ule: jasho, moyo mbio, harufu ya dizeli puani. Harusi ya dada yake anaikumbuka kama jambo lililopita. Ajali haijapita, inamtokea upya. Usiku anaamshwa na jinamizi. Kazi ya basi ameacha, na akienda sokoni anazunguka njia ndefu asipite stendi. Mtoto akiangusha sufuria, anafoka. Na kichwani kuna sentensi moja haimtoki: *mimi ndiye niliyewaita wapande.*

Hali hiyo huitwa msongo baada ya kiwewe. Wataalamu hawampachiki mtu jina hilo kabla ya mwezi mmoja kuisha tangu tukio, kwa sababu wengi wetu hutikiswa na jambo baya kisha hutulia wenyewe, tukiwa na watu wetu, usingizi na shughuli za kufanya. Wanaohitaji tiba ni wale walionasa. Na kinachowanasa zaidi ni kukwepa. Kila anapozunguka stendi anapata nafuu ya papo hapo, na kila nafuu ya namna hiyo inauthibitishia mwili kwamba kweli stendi ni hatari. Kumbukumbu inabaki imefungiwa vile vile ilivyoingia, na vitisho vyake vyote.

Karibu kila tiba ya kiwewe iliyothibitishwa inafanya jambo moja hapo: inamrudisha mtu kwenye kumbukumbu ile, kwa kipimo anachokimudu, akiwa na mtu anayejua anachofanya, mpaka kumbukumbu ikubali kuwa ya zamani. Tiba hizo zinatofautiana katika mlango zinaoingilia.

Mlango wa macho

EMDR ilianza na matembezi. Mwaka 1987 Mmarekani Francine Shapiro alikuwa akitembea katika bustani ya umma huko California huku mawazo fulani yakimsumbua, akagundua kwamba macho yake yalikuwa yakienda huku na huku yenyewe na kwamba mawazo yale yamepungua makali. Akajaribu kwa makusudi, kisha kwa marafiki, kisha kwa watu waliobeba kumbukumbu nzito. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza, wenye watu 22, akidai mafanikio makubwa kwa kikao kimoja tu. Dai hilo liliwafanya wengi wamwone tapeli, na kwa kweli lilistahili kushukiwa. Leo hakuna mtaalamu makini anayeahidi kikao kimoja. Kwa tukio moja, kama ajali ya kondakta wetu, huhitajika vikao kadhaa vya saa moja hadi saa moja na nusu. Kwa mtu aliyeteswa miaka mingi utotoni, vingi zaidi.

Hatua zake ni nane, na vidole haviinuliwi mpaka hatua ya nne. Mambo mawili ya kwanza ni kujua historia ya mtu na kumwandaa: anafundishwa namna ya kujituliza, anaambiwa ishara ya mkono ya kusimamisha kila kitu wakati wowote, na mtaalamu anapima kama mtu huyu ana uthabiti wa kuibeba kazi yenyewe. Hatua hizi ndizo zinazorukwa kwenye video za mitandaoni, nami nitazirudia.

Kisha wanachagua picha moja. Kondakta anachagua taa za lori zikija. Anaulizwa, ukiitazama picha hiyo sasa, unajiambia nini kuhusu wewe? "Mimi ndiye niliyewaua." Ungependa uweze kujiambia nini? Anafikiri sana. "Nilifanya kazi yangu kama siku zote." Sentensi hiyo anaiamini kiasi gani, kuanzia 1 hadi 7? Mbili. Na picha inamuumiza kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10? Tisa. Anaisikia wapi mwilini? Kooni. Ndipo mkono unapoinuka.

Kinachofuata hakitabiriki. Seti ya kwanza, yaani mzunguko mmoja wa vidole, analeta taa za lori. Ya pili, kelele. Ya tatu, ghafla, anamkumbuka mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele akiwa na ndizi mapajani, na analia. Baadaye kidogo linatoka jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa yeyote, kwamba dereva alikuwa hajalala siku mbili na yeye alijua. Mtaalamu hamkosoi wala hamfariji kupita kiasi, anamwambia aendelee. Makali yakishuka hadi sifuri au karibu na hapo, wanaiambatanisha picha na ile sentensi nzuri, wanapekua mwili kuona kama koo bado limekaza, wanafunga kikao akiwa ametulia. Kikao kijacho kinaanza kwa kupima upya.

Je, ni macho kweli?

Hapa wataalamu wamegombana kwa miaka zaidi ya thelathini. Richard McNally wa Harvard aliumaliza ubishi kwa upande wake mwaka 1999 kwa kusema kwamba kinachofanya kazi katika EMDR si kipya, na kilicho kipya hakifanyi kazi. Alimaanisha kuwa kuikabili kumbukumbu kulijulikana zamani kuwa dawa, na vidole ni mapambo. Mwaka 2001 Davidson na Parker walikusanya tafiti zilizokuwapo, wakaona EMDR inasaidia sawa na tiba nyingine za kuikabili kumbukumbu, ila macho hayaongezi kitu. Mwaka 2013 Lee na Cuijpers wakakusanya upya, wakaona macho yanaongeza.

Maelezo yanayonishawishi zaidi yametoka Uholanzi, Chuo Kikuu cha Utrecht, kwa akina Marcel van den Hout na Iris Engelhard. Akili ina sehemu finyu ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Ukishika picha ya kutisha huku ukifuata kidole kinachokimbia, vitu viwili vinagombea nafasi ile ile, na picha inapungua rangi na makali. Kisha inarudi kuhifadhiwa ikiwa imepauka. Kama ni hivyo, kazi nyingine ngumu ingefaa vilevile, na ndivyo walivyoona maabara: hata kuhesabu kinyumenyume kunaififisha picha. Si macho peke yake, basi. Na ule uzuri wa kusema "pande mbili za ubongo zinapatanishwa", unaousikia sana kwenye matangazo, hauna ushahidi wa kutosha.

Msimamo wangu ni huu: macho yana mchango, mdogo kuliko watangazaji wanavyosema. Mzigo mkubwa unabebwa na kumbukumbu kuguswa kwa usalama. Hilo likieleweka, kukosa EMDR hakumaanishi kukosa tiba.

Kamba, mawe na maua

Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Wajerumani Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert walijaribu jambo lililoonekana rahisi mno. Wakimbizi wa Sudan 43 wenye msongo baada ya kiwewe waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa vikao vinne vya tiba ya kusimulia maisha, la pili ushauri nasaha wa kawaida, la tatu elimu tu kuhusu tatizo lao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kusimulia waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 29. Katika mengine mawili walikuwa asilimia 79 na 80.

Vifaa vyake vinatosha kwenye mfuko wa rambo. Kamba inalazwa sakafuni: upande mmoja ni kuzaliwa, upande mwingine umeviringishwa, maana maisha hayajaisha. Mtu anaweka maua pale palipokuwa na jambo jema, kama kuanza shule, ndoa, au ng'ombe wa kwanza. Anaweka mawe pale palipoumia, makubwa kwa madogo. Kisha, vikao vinavyofuata, wanaifuata kamba tangu mwanzo. Kwenye ua wanapita wakitabasamu. Kwenye jiwe wanasimama. Hapo msimulizi anaongozwa polepole: ilikuwa saa ngapi, ulisikia nini, mwili ulifanyaje, uliwaza nini, na sasa hivi ukiniambia haya mwili unafanyaje? Swali hilo la mwisho ndilo linalozuia mtu asizame, kwa kuwa linamkumbusha kila mara kwamba amekaa chini ya mti Imvepi, leo. Mtaalamu anaandika, na kikao kijacho anamsomea alichosema, msimulizi anasahihisha, wanaendelea. Mwishoni mtu anaondoka na maisha yake kwenye karatasi. Kwa jamii zilizokulia kwenye masimulizi, sioni tiba inayoingia mwilini kirahisi kuliko hii.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Katika makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, waliofundishwa kuiendesha walikuwa wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada ya saikolojia. Waliwahudumia Wanyarwanda na Wasomali, katika utafiti wa watu 277 uliochapishwa mwaka 2008. Kwa vikao sita, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa huo. Waliopata ushauri wa kiwewe ulio huru zaidi walikuwa asilimia 65, na waliofuatiliwa tu bila tiba asilimia 37.

Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, mlango ulikuwa mwingine. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliopewa tiba walipata vikao 12, kimoja cha mtu peke yake na vingine vya vikundi, chini ya wasaidizi wa jamii waliofundishwa. Hawakutakiwa kusimulia tukio mbele ya wenzao. Kazi ilikuwa kuzikamata fikra zilizobaki baada ya tukio, kama "ni kosa langu" au "sina thamani tena", na kuzihoji moja moja. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yaligeuzwa yaweze kukaririwa kwa kichwa. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya asilimia 42 katika vijiji vilivyopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Dalili za kiwewe nazo zilishuka kwa mtindo huo huo.

Kwa watoto ushahidi ni wa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya: watoto yatima 640, vikundi vilivyoongozwa na washauri wasio wataalamu, matokeo ya mwaka 2020. Kenya faida ilionekana na kudumu mwaka mzima. Tanzania, baada ya mwaka, watoto waliopata tiba na wale ambao hawakuipata walikuwa wamekaribiana. Nalitaja kwa makusudi, maana wapo wanaozinadi tiba hizi kana kwamba zinafanana popote zinapopelekwa.

Pale hata hizo hazipo

Kuna ngazi ya chini zaidi ambayo haiigusi kumbukumbu kabisa. WHO ina programu ya vikao vitano vya kumfundisha mtu kutuliza mwili, kupanga matatizo yanayotatulika, kurudi kwenye shughuli na kujenga watu wa kumsaidia. Nairobi ilitolewa na wahudumu wa afya ya jamii kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, ikawapunguzia dhiki. Nyingine, ya sauti iliyorekodiwa, ilichezwa kwa vikundi vya wanawake wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, Uganda. Nafuu yake ni ndogo kuliko ya tiba kamili, lakini inafika kusikofikiwa, na kitabu chake chenye michoro WHO inakitoa bure kwa lugha nyingi.

Dawa nazo zina nafasi. Mwongozo ule wa 2013 haukuziweka mstari wa mbele kwa kiwewe, ila ulisema dawa za sonona zifikiriwe pale tiba za mazungumzo zinapokosekana au zinaposhindwa, au mtu anapokuwa na sonona nzito pamoja na kiwewe. Huandikwa na daktari na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Vidonge vya usingizi vya kundi la diazepam ni habari nyingine. Ndivyo watu wanavyokimbilia, kwa kuwa vinatuliza usiku huo huo, na kwenye baadhi ya maduka ya dawa vinauzwa bila cheti. Haviponyi kiwewe, na kuviacha baadaye ni kazi.

Jambo lingine la kuepuka ni ile desturi nzuri ya nia, mbaya ya matokeo: kuwakusanya manusura siku moja au mbili baada ya msiba na kumtaka kila mtu aeleze alichokiona. Uchunguzi wa tafiti nyingi umeonyesha kikao hicho kimoja hakizuii ugonjwa, na huenda kikawadhuru baadhi. Siku za mwanzo mtu anahitaji maji, simu ya kuwapigia nduguze, mahali pa kulala, na mtu wa kukaa naye bila kumhoji. Akitaka kusema, asikilizwe. Akinyamaza, aachwe.

Kujitibu kwa simu

Zipo video na programu nyingi za nukta inayokimbia kwenye skrini. Kwa mtu aliyechoka na kazi, ni mchezo tu. Kwa aliyebeba kiwewe kizito, nukta inaweza kuifungua kumbukumbu, na hakuna wa kuifunga. Wapo ambao mwili hukatika kabisa, wanajiona kama wako nje yao wenyewe, na wakirudi hawajui saa ngapi zimepita. Zile hatua mbili za mwanzo zimewekwa kwa ajili yao. Tofauti na hapo ni EMDR inayofanywa na mtaalamu kwa video. Hiyo ni tiba halali, na mteja hujigonga mwenyewe kifuani kwa zamu, mtindo ulioanzia Acapulco, Mexico, kwa manusura wa kimbunga Pauline cha 1997. Kinachohitajika ni bando la kutosha na chumba ambacho shemeji hatafungua mlango.

Yapo ya kufanya mwenyewe yasiyo na hatari hiyo. Kumbukumbu ikikuvamia, kanyaga chini, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, na taja tarehe ya leo. Jinamizi linalojirudia lina dawa yake: mchana, ukiwa umetulia, badilisha ndoto ile uipe mwisho mwingine unaoutaka, kisha ipitie kichwani dakika chache kila siku kabla ya kulala. Anza na ndoto isiyo mbaya kuliko zote. Na yale unayoyakwepa ilhali si hatari, yarudie kidogo kidogo. Kondakta aanze kwa kusimama ng'ambo ya stendi na rafiki, asubuhi, mpaka moyo ushuke wenyewe. Wiki nyingine avuke barabara.

Dua na sala zinawashikilia wengi, na sheikh au mchungaji mwenye busara ni mtu wa kwanza wengi wetu tunaomwendea. Tatizo huanza pale anapomwambia mtu asamehe haraka, au kwamba jinamizi ni pepo la kufukuzwa kwa fimbo.

Ukienda kutafuta

Ulizia kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti kabla ya kukata nauli ya Muhimbili, Mirembe au Mathari. Vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia wakati mwingine huwa na huduma ya gharama nafuu inayotolewa na wanafunzi chini ya usimamizi. Usikazanie herufi nne za EMDR. Muulize mtoa huduma: umefundishwa tiba gani ya kiwewe, na nani anakusimamia? Tutakutana mara ngapi, na tutajuaje kama inafanya kazi? Nikizidiwa katikati ya kikao utafanya nini? Anayejua kazi hujibu bila kukasirika. Anayeahidi kufuta kumbukumbu, au anayetaka usimulie yote siku ya kwanza kabla hajakufahamu, mwache.

Na kama anayekuumiza bado unalala naye nyumba moja, kumbukumbu isubiri. Usalama kwanza: dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi Tanzania, namba 1195 Kenya, na kwa mtoto namba 116 katika nchi zote mbili. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri miadi ya kliniki. Nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na nenda na mtu.